Kamene wa Kamati ya Moyo Anaondoka kwa Miguu Yake

Baada ya kututumikia miaka thelathini na mitatu na miezi tisa, Bi. Rodah Kamene, mkuu wa idara ya mazoezi ya viungo katika hospitali yetu hapa Eneo la Viwanda Thika, anastaafu rasmi Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025. Kanuni za kazi zinasema ametimiza miaka sitini. Yeye anasema kanuni zimekosea hesabu. Kwa ombi lake tumeifungua faili yake mara mbili, na mara zote mbili tumekuta sitini.

Mwandishi wa wasifu huu ni Githae wa rekodi, mlango wa pili kutoka kwake. Kati yao kuna ukuta wa mbao tu, na kwa miaka ishirini na mmoja mwandishi amemsikia Kamene akiwafokea watu wazima kupitia ukuta huo. Basi yaliyomo humu ameyasikia mwenyewe, mengi bila kutaka.

Kamene alikuja Februari 1992 kutoka Yatta, akiwa na cheti kipya, sanduku moja la bati na sauti ambayo haijawahi kuhitaji kipaza. Idara nzima wakati huo ilikuwa kitanda kimoja, mpira mmoja uliovuja hewa na kioo chenye ufa. Wateja wake walikuwa watu wa viwandani: vidole vilivyobanwa na mashine, mabega ya wapakiaji, migongo ya akina mama waliosimama tangu saa moja asubuhi wakimenya mananasi. Hao aliwahurumia. Waliotaka ruhusa ya ugonjwa bila kuwa na ugonjwa aliwashughulikia kwa kalamu. Aliiangusha sakafuni kana kwamba imemponyoka, na muungwana yeyote mwenye mgongo mbovu aliyeinama upesi kumwokotea alirudishwa kazini siku hiyo hiyo, na barua ya pongezi kwa kupona. Wenye viwanda walimpenda sana. Wafanyakazi walianza kuogopa kalamu.

Lakini hadithi iliyomfanya Kamene awe Kamene ilianza mwaka 2013. Hospitali ilikuwa imegundua jambo la aibu. Watu waliopatwa na mshtuko wa moyo tuliwaokoa, tukawapa dawa, tukawaruhusu kwenda nyumbani, na baada ya miezi michache tukaletewa wale wale tena, wengine wakiwa hawana haja tena ya dawa. Walipofika nyumbani waliwekwa kwenye kochi. Familia nzima iliamini kwamba moyo ulioshtuka hautakiwi kusumbuliwa. Kuna mzee mmoja wa Gatongora ambaye mke wake hakumruhusu hata kuinua kikombe. Alinyweshwa chai miezi mitatu kama mtoto mchanga, akanenepa, akaanza kuhema akigeuka tu kitandani. Kamene alienda mafunzoni Nairobi, akarudi na habari ambazo hakuna aliyetaka kuziamini: moyo huo dawa yake ni kutembezwa. Wiki kumi na mbili, mara mbili kwa wiki, Jumanne na Alhamisi saa tatu asubuhi, chini ya macho ya mtu anayejua anachofanya.

Wagonjwa kumi na wawili walipigiwa simu. Wote walisema watakuja. Fundi wa hospitali akapaka kibao kizuri cha samawati, na kwa kuwa tulitaka Kiswahili sanifu, tulitafuta neno la heshima. Kibao kikaandikwa UKARABATI WA MOYO, CHUMBA 14. Neno hilo lilipendekezwa na mwandishi huyu, ambaye amekwisha kuomba msamaha.

Jumanne ya kwanza, tarehe 14 Mei, saa tatu ilifika bila mtu. Saa tatu u nusu, bado hakuna mtu. Kitabu cha mlinzi wa lango kilionyesha kwamba wagonjwa saba walikuwa wameingia, wakatoka. Kamene alienda kuwasaka, akawakuta wote saba kwenye kibanda cha chai mkabala na lango, wakila mandazi kwa huzuni. Walikuwa wamefika mpaka mlangoni, wakasoma kibao, wakageuka. Aliyewageuza ni Bw. Njau, mwenye mkahawa wa nyama choma kule Kamakis, ambaye alikuwa amekaa miaka mitatu kando ya ukarabati wa barabara na alijua mambo hayo yanavyokwenda. Aliwaeleza wenzake kwamba wakarabati huja, wakachimba, wakapanga mawe mekundu, wakaenda zao, na wewe ukabaki wazi na vumbi.

"Mimi kifua yangu haichimbwi na mtu," alimwambia Kamene. "Si mngesema ni operesheni?"

Kamene hakubishana. Aliagiza chai bila sukari, akaketi nao kwenye benchi, akawauliza wangependa kitu hicho kiitweje. Mtu wa huku ukimwuliza maoni yake kuhusu jina, umempa kazi ya siku nzima. Mjadala ulipopamba moto, Kamene akasema kibandani hapatoshi, afadhali waendelee wakitembea. Waliuzunguka ukuta wa hospitali mara mbili wakibishana, wasijue kwamba hilo ndilo lililokuwa somo lao la kwanza. Waliporudi langoni walikuwa na jina, Kamati ya Moyo. Walikuwa pia na mwenyekiti, naye ni Njau, na katibu, Mwalimu Waithira, aliyefundisha Kiswahili shule za msingi za Ruiru miaka thelathini na minane na ambaye moyo wake ulikuwa umejaribu kustaafu kabla yake. Kibao cha samawati kiling'olewa jioni hiyo.

Tangu hapo kila somo lilifunguliwa kwa sala na kumbukumbu za mkutano uliotangulia. Waithira alisoma orodha tatu: waliohudhuria, waliotuma udhuru, na waliokosa bila udhuru. Hiyo ndiyo siri yote ya Kamene, na tunaitoa bure kwa hospitali nyingine. Mtu wa Thika atamdanganya daktari kuhusu sigara bila kupepesa jicho. Dawa atameza siku anayojisikia. Lakini jina lake lisomwe mbele ya watu, katika kumbukumbu rasmi, kwamba alikosa bila udhuru? Hilo hapana. Watu walituma udhuru kutoka matangani. Mmoja alituma kutoka kortini akisubiri kesi yake itajwe. Mahudhurio yaliyoanza na sifuri yalifika tisa katika kila wagonjwa kumi, na wageni wakaja na kompyuta zao kutoka Nairobi kujifunza mbinu yetu. Walionyeshwa daftari la mistari.

Vifaa havikuwa vingi. Chumba 14 kilikuwa na ngazi mbili za mbao, baiskeli isiyokwenda popote na nafasi ya kuzunguka. Kipimo cha kasi kilikuwa mdomo. Ukitembea na unaweza kusengenya, kasi yako ni sawa. Ukiweza kuimba wimbo wa kanisa mpaka kiitikio, unazembea, ongeza mwendo. Ukishindwa kutaja jina lako, keti upesi. Ndiyo maana kelele za Chumba 14 hazikuwa za mazoezi bali za habari za watu, na mwandishi amejua mengi kuhusu Ruiru kwa njia hiyo.

Njau hakukatazwa kuuza nyama. Kamene alijua kwamba ukimkataza mtu wa Kamakis nyama, umemfukuza kwao. Ila Ijumaa moja alishuka kule bila taarifa, akawakuta wanakamati wanne wameuzunguka ubao wa mbuzi, na katikati yake kilima cha chumvi. Mmoja alijaribu kujificha nyuma ya mhudumu. Kamene akaketi, akala vipande viwili, akavisifu, kisha akaikusanya ile chumvi yote kwa kiganja akaenda kuimwaga kwenye sinki. Tangu siku hiyo kwa Njau chumvi huletwa ukiomba, na ukiomba unatazamwa. Wateja walilalamika kama mwezi mmoja hivi, wakazoea.

Katiba ya Kamati inasema muhula wa mwanachama ni wiki kumi na mbili. Njau na Waithira walimaliza muhula wao mwaka ule ule wa 2013, na wamekataa kung'atuka mpaka leo, kama ilivyo desturi ya viongozi wetu. Wanasema wanawaonyesha wageni njia. Tuliwaacha, na ni bahati kwamba tuliwaacha.

Maana Alhamisi, tarehe 17 Agosti 2023, katikati ya somo, Kamene alinyamaza. Hilo peke yake lilikuwa dalili. Alishika taya, jasho likamtoka, akasema ni kiungulia cha ndengu za jana. Mwaka ule alikuwa amepima presha za watu mia kadhaa, na yake haikuwa miongoni mwao. Wanakamati walitazamana. Yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha kwamba mwanamke mara nyingi hashiki kifua na kuanguka kama kwenye sinema. Hulalamikia taya, au mgongo, au kichefuchefu, halafu hulaumu chakula. Njau akavuta kiti cha magurudumu. Kamene akamwamuru akirudishe mahali pake. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi, Kamati ilimkaidi. Watu watano wenye mioyo mibovu walimsukuma mwalimu wao mpaka kitengo cha dharura kwa kasi ambayo hakuna hata mmoja wao angeweza kuimba, na Waithira, aliyebaki nyuma kwa ajili ya magoti yake, akaandika kwenye daftari kwamba saa nne na dakika kumi Madam aliondoka mkutanoni.

Alipelekwa Nairobi. Mshipa wa moyo ulizibuliwa, ukawekewa kijibomba cha waya cha kuuweka wazi, na baada ya siku chache za wasiwasi alikuwa nyumbani kwake Gatongora. Wiki ya tatu daktari alimwandikia dawa aliyoijua kuliko mtu yeyote katika kaunti hii: wiki kumi na mbili, Jumanne na Alhamisi, saa tatu, Chumba 14. Somo lingeongozwa na Ciku, mtaalamu kijana wa mazoezi ya viungo aliyefundishwa na Kamene mwenyewe. Kamene asipoyamaliza masomo hayo, hangeruhusiwa kurudi kazini, na hatari ya mshtuko wa pili ingebaki pale pale.

Hakuja. Alisema mazoezi anayajua. Alisema mwalimu hakalii dawati la darasa la kwanza. Alimwambia mwanawe Eddie kwamba anatembea sana hapo hapo nyumbani, na Eddie akatuambia kwamba safari yenyewe ni kutoka kwenye kochi hadi mezani, na kwamba akifika mezani huketi vidole viwili juu ya kifundo cha mkono, akihesabu mapigo yake asubuhi nzima. Mwanamke aliyewatoa watu kwenye makochi ya Gatongora kwa makelele sasa alikuwa na kochi lake. Na tuseme wazi tulichoogopa hapa ofisini. Tuliogopa kwamba mshtuko wa pili ungemkuta ameketi hapo, naye angekufa akijua kila kitu.

Kamati ilifanya kazi kama kamati. Kila Jumanne na kila Alhamisi Waithira aliandika, chini ya waliokosa bila udhuru, Bi. Rodah Kamene. Akaupiga ukurasa picha, akamtumia kwa simu. Picha ya tano ilipofika, Kamene alishindwa kuvumilia, akaandika udhuru. Ulikuwa udhuru mzuri wa aya tatu, wenye methali. Waithira aliurudisha ukiwa umesahihishwa kwa wino mwekundu: alama sita kwa ishirini, na chini yake maneno haya, Hoja dhaifu, methali haihusiani, rudia kazi hii. Kamene alikasirika siku mbili mfululizo. Eddie alisema hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia mama yake akipaza sauti tangu atoke hospitali, nasi tukapata matumaini kidogo.

Baada ya masomo manane kupita bila yeye, Kamati ilipitisha azimio. Mwanachama asipofika mkutanoni, mkutano utamfikia, kama vikundi vyetu vinavyofanya mtu anapofiwa. Alhamisi, tarehe 12 Oktoba, saa tatu kamili, wagonjwa tisa wa moyo walisimama langoni kwake wamevaa raba, pamoja na Ciku na mashine yake ya presha, na mwandishi huyu aliyekwenda kama shahidi. Hawakumwita. Walifunguliwa na Eddie, wakaanza kuizunguka nyumba kwa miguu, na kwa makusudi wakatembea vibaya. Wengine waliburuta nyayo, wengine waliinamia simu, na Njau, mikono mfukoni, aliimba wimbo wa kanisa beti zote. Dakika tatu hazikuisha. Kamene alitoka na leso na ndara.

"Hiyo si kutembea!" alifoka. "Hiyo ni kutafuta kitu imepotea! Njau, toa mikono mfukoni!"

Njau akamjibu kwamba hajaelewa, labda aonyeshwe. Basi akamwonyesha. Alitangulia mbele yao akitoa amri, kifua mbele, mikono ikienda, akavuka lango, akapita duka la kwanza, akapita la pili, nao wote nyuma yake kwa mstari, na majirani wakatoka nje kutazama maandamano ya wazee wasiodai chochote.

Kwenye kona aligeuka ili warudi, akaona umbali aliokuwa ametembea. Akasimama. Mkono ukamwenda kifuani, na Ciku akakimbia kumshika kifundo. Mapigo yalikuwa sawa kabisa. Kamene alikuwa analia. Katika miaka yetu yote hakuna aliyewahi kumwona akilia, hata kwenye mazishi ya mumewe.

"Naogopa," alisema. "Kila nikiinuka naogopa. Naona ni kama hii moyo itasimama tu."

Njau hajulikani kwa maneno matamu. Alikohoa, akatazama raba zake, kisha akasema: "Madam, kwani ulikuwa unafikiria sisi hukuja juu ya hiyo baiskeri? Sisi wote tunaogopanga. Ndio tunatembeanga pamoja."

Wakarudi naye polepole. Eddie alipika chai, bila sukari kwa amri ya mama yake, na Waithira akafunga mkutano kwa sala. Jumanne iliyofuata Kamene alikuwa kwenye foleni ya Chumba 14 pamoja na wagonjwa wengine, amekunja mkono wa blauzi tayari kupimwa presha, akimkosoa Ciku namna anavyokifunga kitambaa. Alimaliza masomo yote ishirini na manne bila kukosa hata moja.

Januari 2024 alirudi kazini mkali kuliko alivyoondoka. Ila kuna kitu kimoja kilichobadilika, na Ciku, ambaye sasa anairithi idara, anasema ndicho kitu kikubwa zaidi alichojifunza kwake. Mgonjwa mpya akifika, Kamene hamwulizi kwanza anavuta nini wala anakula nini. Humwuliza anaogopa nini, kisha hunyamaza na kungoja jibu. Kwa mtu mwenye mdomo kama wake, kungoja ni kazi ngumu. Wanaume waliokuja kwa kusukumwa na wake zao hujibu mwishowe, na wiki inayofuata huja wenyewe. Mwaka jana alifungua tawi la Ruiru kwa wale wasioweza kufika Thika katikati ya wiki. Hukutana Jumamosi katika ukumbi wa kanisa, na tayari lina mwenyekiti asiyetaka kuondoka.

Kuhusu zawadi, kulitokea mgogoro mdogo. Ofisi ilikuwa imekwisha kuchagua kiti cha kubembea, chenye mito. Kamati ya Moyo iliandika barua kali ya kupinga, yenye saini kumi na nne, ikauliza ni nani anayemtakia mabaya. Kiti kimerudishwa dukani. Atapewa raba jozi mbili na mbuzi jike wawili wakorofi, wa kumkimbiza huko shambani Yatta, ambako anakusudia kukaa nusu ya kila mwezi. Majirani wa Yatta wameonywa.

Madam Kamene, tunakushukuru kwa migongo uliyoinyosha, kwa uongo uliougundua, na kwa watu zaidi ya mia tatu waliopita Chumba 14, ambao wengi wao leo wanatembea Thika na Ruiru wakiwasengenya wengine kwa kasi inayofaa. Ciku anakushukuru kwa kila kitu, hata kwa kelele. Eddie ametuomba tumshukuru Mwalimu Waithira hapa kwa ile kalamu nyekundu, nasi tunamshukuru.

Kuna jambo moja ambalo mwandishi hajawahi kukwambia. Agosti ile ya 2023, siku ya pili tangu upelekwe Nairobi, habari zilizokuja zilikuwa mbaya sana, na ofisi ikamwomba karani wa rekodi, ambaye ndiye huwaandikia wafanyakazi wasifu wakistaafu na hata wakifa, aandae kurasa mbili, iwapo lolote lingetokea. Aliziandika. Yote aliyoyaandika yalikuwa ya kweli na ya kukusifu, ila karibu kila sentensi ilikuwa na neno "marehemu." Zimekaa kwenye droo ya chini, upande wa pili wa ukuta wako, miaka miwili na miezi mitatu, nawe ukifoka pembeni yake kila siku. Jumatatu hii alizitoa, akazisoma, akazichana, kisha akaketi kuandika hizi.

Asante kwa kutuharibia kazi ile. Uishi sana, Madam, na wasifu wako ule mwingine uandikwe na karani ambaye bado hajazaliwa.